UZI: Nyongeza za bure za kanuni kwenye michezo ya kuigiza mezani (D&D, Pathfinder, Cyberpunk RED n.k.): lipi ni deni la mchapishaji, lipi ni zawadi?

#1 DaduIshirini

Wakuu, habari za muda huu.

Kila kitabu kipya cha kanuni kikitoka, hazipiti siku mbili swali lilelile halijarudi magrupuni: mbona hawajatoa PDF ya bure ya nyongeza? Wapo wanaolidai kama deni, na wapo wanaojibu kwamba mchapishaji hadaiwi na mtu. Tulichambue hapa kwa mifano halisi. Neno "bure" limebebeshwa mizigo mingi isiyofanana, na watu wanagombana huku kila mmoja akizungumzia mzigo wake.

Mzigo wa kwanza ni masahihisho. Kitabu kimeuzwa, jedwali la silaha lina namba iliyokosewa, au kanuni mbili zinapingana. Hapo sina mjadala: ni deni. Aliyelipa alilipia kanuni zinazofanya kazi, na sahihisho linapaswa kupatikana hata kwa asiye na akaunti kwenye tovuti yao.

Wa pili ni kanuni za kuanzia. Mfano mzuri ni D&D (Dungeons & Dragons) toleo la tano. Julai 2014, mwezi mmoja kabla ya Player's Handbook (kitabu kikuu cha mchezaji) kuingia madukani, wachapishaji wake Wizards of the Coast walitoa Basic Rules bure kabisa: fani nne (mpiganaji, kuhani, mwizi, mchawi), jamii nne za wahusika, kila fani ikiwa na tawi (njia ya kubobea) moja tu, lakini levo zote kuanzia 1 hadi 20 zimo. Meza inaweza kucheza mwaka mzima kwa hizo tu. Call of Cthulhu toleo la saba nalo lina kijitabu cha kuanzia cha bure chenye kisa kizima ndani yake. Hili silioni kuwa deni. Ni mlango wa duka, na mwenye duka mwenye akili hautozi kiingilio.

Wa tatu ni SRD, yaani rejea huru ya kanuni. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, nitarudi.

Wa nne ni kanuni za majaribio, kama Unearthed Arcana za D&D au PDF za majaribio za Paizo, wachapishaji wa Pathfinder. Hapo msomaji ndiye anayemfanyia kazi mchapishaji, kwa hiyo bure ni lazima, ila si bidhaa.

Wa tano ni nyongeza kamili: fani mpya, mazimwi wapya, vifaa vipya, vyote vimehaririwa na kupangwa. Hiyo ni zawadi. Ikija tunashukuru, isipokuja hatujaibiwa.

Sasa SRD. SRD 5.1 ya D&D ina fani zote 12, lakini kila moja na tawi moja. Historia ya mhusika iko moja tu (Acolyte), kipaji kimoja tu (Grappler). Mtu akiifungua akitarajia Player's Handbook ya bure ataona amepunjwa. Hakupunjwa. SRD imetengenezwa kwa ajili ya waandishi wengine wajue wanaruhusiwa kujenga juu ya nini. Inampa mwandishi mfano mmoja wa kila kitu ili aige muundo. Toleo la 5.2 la Aprili 2025 limeongeza kidogo, historia zimekuwa nne, lakini kusudi ni lilelile.

Karibuni.

#2 Zimwi_la_Amboni

Mkuu, umepanga vizuri ila umemhurumia mchapishaji kupita kiasi. Player's Handbook ya 2024 bei yake ya Marekani ni dola 49.99. Ukitaka uitumie pia kidijitali kwenye D&D Beyond (huduma yao rasmi ya mtandaoni), kitabu cha karatasi peke yake hakikufungulii chochote; nakala ya kidijitali ina bei yake. Anayenunua Dar au Mombasa anaongeza usafirishaji na ushuru. Mtu aliyelipa hivyo akiuliza "na mimi napata nini cha ziada" hajakosea.

Wala si jambo lisilowezekana. Upo mpango wa Bits and Mortar: ukinunua kitabu cha karatasi kwenye duka linaloshiriki, unapewa PDF yake bila malipo. Wachapishaji Evil Hat wamo miaka mingi. Maandishi ni yaleyale na faili lipo tayari, kwa hiyo mchapishaji hapotezi mauzo kwa mtu ambaye tayari kalipa.

Ningeongeza mzigo wa sita kwenye orodha yako: nakala ya kidijitali ya kile ulichokwisha kununua. Mimi hilo nalihesabu upande wa deni.

#3 DaduIshirini

Nakubali nusu, Zimwi. Nakala ya PDF ya kitabu ulicholipia ni haki inayodaiwa kwa hoja nzuri, na wachapishaji wadogo wameshaonyesha kwamba inawezekana. Lakini si nyongeza. Tukiichanganya na madai ya fani mpya za bure, hoja yenye nguvu inabebeshwa hoja dhaifu na zote mbili zinaanguka.

#4 Mpanga_Kurasa

Niingie upande wa hesabu, maana watu hudhani PDF ya bure haina gharama kwa sababu haina karatasi.

Chukua nyongeza ya kurasa 16. Ukurasa wa safu mbili wenye jedwali moja hubeba takriban maneno 600. Hayo ni maneno 9,600. Tuseme mwandishi analipwa senti 8 za dola kwa neno: dola 768 kabla hujamgusa mhariri. Weka mhariri wa kanuni (huyu si mhariri wa lugha, ni mtu anayekaa na namba kuangalia kama kifaa kipya hakivunji kifaa cha zamani), mpanga kurasa, walau picha mbili, na meza tatu za majaribio. Hata kama wachezaji wa majaribio wanajitolea, lazima awepo mtu wa kukusanya maoni yao. Hesabu inapita dola 1,500 bila shida, na hilo ni kwa mchapishaji mdogo anayebana matumizi.

Ndiyo maana nyongeza za bure zinazodumu ni zile ambazo tangu mwanzo zilipangiwa njia ya kurudisha gharama. Cyberpunk RED ilitoka mwishoni mwa 2020, na R. Talsorian Games wakaanza kutoa PDF ndogo ya bure karibu kila mwezi: silaha, maadui waliokwisha kuandaliwa, magari, hata Elflines Online, mchezo wa kompyuta unaochezwa na wahusika ndani ya mchezo wenyewe. Kila moja ni kurasa chache. Baadaye wakazikusanya, wakaongeza mapya, wakauza kama Interface RED. Anayetaka bure anapakua kipande kimoja kimoja. Anayetaka kitabu kimoja rafuni analipa. Mimi naona ni mkataba safi, kwa sababu mnunuzi hajafichwa kitu.

Angalia pia walikochora mstari wenzao wengine. Lancer ya Massif Press: sehemu yote ya mchezaji ni PDF ya bure, sehemu ya mwendesha mchezo (anayesimulia kisa na kusimamia kanuni) inalipiwa. Kwenye meza ya watu watano, mmoja analipa. Mothership: Player's Survival Guide ni bure kidijitali, vitabu vingine vinauzwa. Ironsworn ya Shawn Tomkin: kitabu kizima cha msingi ni PDF ya bure tangu 2018. Basic Fantasy: kila kitu ni bure, na nakala ya karatasi inauzwa kwa karibu gharama ya kuichapa. Hakuna kati ya hao aliyelazimishwa, na mstari haufanani hata kwa wawili. Kinachofanana ni kwamba mstari unaonekana kabla hujafungua pochi.

#5 Mwendesha_Meza

Mpanga_Kurasa kasema jambo kubwa: mstari uonekane. Niongezee upande wa meza, kwa sababu madhara ya "bure" isiyoeleweka humwangukia mwendesha mchezo.

Unearthed Arcana zilianza 2015 kwenye D&D toleo la tano. Kila moja imeandikwa mwanzoni kwamba ni ya majaribio. Watu wanaruka aya hiyo. Matokeo yake ni mambo kama fani ya Mystic: ilitolewa ya majaribio, ikarekebishwa, toleo kubwa la mwisho likaja Machi 2017, kisha ikaachwa. Haikuingia kwenye kitabu chochote. Mezani ilikuwa tatizo kwa sababu inayoeleweka: fani moja ilikuwa na uwezo wa kufanya karibu kila kazi, kuponya, kupiga, kujificha, kusoma mawazo, kwa hiyo wachezaji wengine wakakosa nafasi yao. Mtu aliyejenga mhusika wa kampeni ndefu (kisa kimoja cha vikao vingi) juu ya PDF ile alibaki na mhusika asiye na sahihisho wala mwendelezo.

Linganisha na Artificer. Nayo ilitolewa kama fani ya majaribio 2017, ikarudi imebadilishwa 2019, ikachapishwa rasmi Novemba 2019 kwenye kitabu cha Eberron, mojawapo ya dunia za D&D. Aliyeng'ang'ania PDF ya 2017 alikuwa anacheza fani tofauti kabisa na ya kitabuni, zenye jina moja.

Kwa hiyo ukiruhusu kanuni za majaribio mezani, weka masharti haya kabla ya kikao cha kwanza. Faili lihifadhiwe kwenye folda ya kikundi, si kiungo, na tarehe iandikwe kwenye jina la faili. Mhusika mmoja tu wa majaribio kwa kampeni. Mchezaji akubali mapema kwamba toleo jipya likitoka ama anahamia huko ndani ya vikao viwili ama anabaki na la zamani hadi mwisho. Hakuna kuchagua kipande hiki cha zamani na kile cha mpya. Na mwendesha mchezo abaki na haki ya kupunguza namba katikati ya kampeni, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya majaribio.

#6 Shubaka

Na vipi yale ya D&D Beyond, Agosti 2024? Ile si majaribio, ile ilikuwa huduma iliyolipiwa.

#7 Mwendesha_Meza

Hiyo ni kesi nyingine, Shubaka, na ni nzuri kuielewa. Toleo jipya la 2024 lilipokaribia, ilitangazwa kwamba kwenye karatasi za wahusika za D&D Beyond aina za uchawi na vifaa vya kichawi vya 2014 vingebadilishwa vikae vya 2024. Mtu aliyenunua kitabu cha 2014 kidijitali angeweza kuvisoma kwenye kitabu, lakini kuviweka kwenye karatasi ya mhusika angelazimika kuviandika upya kwa mkono kama vitu vya kujitungia. Kelele zikawa kubwa, na ndani ya siku chache wakarudi nyuma: vya zamani vikabaki.

Kwa juu juu, walikuwa wanagawa masasisho bila malipo. Lakini meza iliyo katikati ya kampeni haihitaji sasisho ambalo haikuliomba. Uchawi wa kuponya ukibadilika kutoka dadu moja hadi mbili, mapigano yote ambayo mwendesha mchezo ameyaandaa kwa wiki tatu yamepoteza uwiano. Kanuni mpya iongezwe pembeni, ya zamani isiguswe, mchezaji achague mwenyewe. Hata kitu cha bure kinaweza kumletea mtu hasara kikimfikia kwa nguvu.

#8 Zimwi_la_Amboni

Hapo tuko pamoja. Sasa mnijibu hili: PDF ya Elemental Evil Player's Companion ya Machi 2015 ilitoka bure, ikiwa na jamii za wahusika kama genasi, goliath na aarakocra, pamoja na aina nyingi za uchawi. Goliath akarudi kwenye kitabu cha kulipia 2016, na nyingi ya zile aina za uchawi zikarudi kwenye kitabu kingine cha kulipia, Xanathar's Guide cha 2017. Mnunuzi analipia kurasa alizokwisha kuwa nazo. Hiyo nayo ni mkataba safi?

#9 Mpanga_Kurasa

Swali zuri, na jibu langu linategemea mambo mawili yanayoweza kupimwa.

La kwanza: je, ukurasa wa mauzo unasema wazi kwamba sehemu fulani imewahi kutolewa bure? Ukisema, mnunuzi ameamua akijua. Usiposema, amefichwa.

La pili: je, ni kiasi gani? Kitabu cha kurasa 190 chenye kurasa 10 za marudio hakimsumbui mtu mzima. Kijitabu cha kurasa 32 chenye kurasa 20 za marudio ni kuuza faili la bure kwa jalada jipya.

Na liko la tatu ambalo wengi hawalitaji. Kilichorudi kitabuni mara nyingi kimesahihishwa. Basi mwenye nakala ya bure apewe yale masahihisho, hata kama hanunui kitabu. Ukiuza sahihisho la kosa lako mwenyewe, umerudi kwenye mzigo wa kwanza wa DaduIshirini, ule wa deni.

#10 Kalamu_na_Karatasi

Naomba tuguse ubora wa hizo PDF zenyewe. Nyongeza nyingi za bure hushindwa mezani kwa sababu za kiufundi kabla hata ya kanuni kusomwa.

Karatasi: wachapishaji wa Marekani hupanga kwa ukubwa wa Letter, milimita 216 kwa 279. Steshenari za huku zina A4, 210 kwa 297. Ukichapa kwa asilimia 100, milimita 6 za upana zinakatwa, na mara nyingi ndipo ilipo namba ya ukurasa au ukingo wa jedwali. Ukiiambia mashine ijipimie, inapunguza hadi takriban asilimia 97. Kwa maandishi si tatizo. Kwa ramani ya mapigano ni tatizo: mraba wa inchi moja, milimita 25.4, unakuwa 24.7. Kwenye miraba 10 umepoteza milimita 7, na ramani mbili zilizochapwa kwa mipangilio tofauti hazishikani tena. Kadi za vifaa za milimita 63 kwa 88 zinatoka 61 kwa 86, zinacheza ndani ya mifuko yake, na ukizichanganya na kadi za dukani mchezaji anaitambua kwa kidole kabla hajaigeuza.

Dawa kwa mchapishaji: toa faili mbili, au acha ukingo wa milimita 15 pande zote ili faili moja lifae karatasi zote mbili. Ramani iwe na mstari mdogo wa kipimo, "huu ni sentimita 5", ili mtu apime kwa rula kabla ya kuchapa nakala 20.

Wino: mandharinyuma ya rangi ya ngozi kuukuu yanapendeza kwenye skrini. Kwenye mashine ya rangi nyeusi yanatoka kijivu, na maandishi madogo hayasomeki. PDF ikipangwa kwa tabaka, mandharinyuma yakae tabaka lake ili mtu aweze kuyazima.

Simu: sehemu kubwa ya wachezaji wa huku wanasoma kwa simu na wanatumia bando. Faili la MB 80 kwa kurasa 12 ni kuwafungia mlango. Kurasa 12 zenye picha chache zinaweza kukaa chini ya MB 5 ukishusha picha hadi dpi 150. Safu mbili za maandishi kwenye simu zinamlazimisha msomaji asukume ukurasa juu, chini, kulia, kushoto. Weka toleo la maandishi ya safu moja, au hata ukurasa wa wavuti wa kawaida. Archives of Nethys wanafanya hivyo kwa Pathfinder: kanuni zote ni kurasa za wavuti, zinatafutika, kwa idhini ya Paizo, bure.

Na maandishi yawe maandishi kweli, si picha ya maandishi. Programu za kuwasomea wasioona haziwezi kusoma picha, na huwezi kutafuta neno ndani yake.

#11 DaduIshirini

Post namba 10 ihifadhiwe na kila anayetengeneza. Niongeze jinsi sahihisho linavyopaswa kuandikwa, kwa sababu nayo inaharibika sana. Sahihisho zuri lina ukurasa, aya, maneno ya zamani, maneno mapya, na sababu ya mstari mmoja. Kwa mfano wa kubuni:

*Uk. 48, "Kujificha", aya ya 2. Ilikuwa: "Ukishambulia, hujafichika tena." Iwe: "Ukishambulia, hujafichika tena baada ya shambulio hilo kumalizika." Sababu: ilivyoandikwa mwanzo, faida ya kushambulia ukiwa mafichoni ilikuwa haiwezi kutumika kamwe.*

Sababu ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayomsaidia mwendesha mchezo kuamua hali ambazo sahihisho halikuzitaja. Weka namba ya toleo na tarehe juu ya kila ukurasa, si jalada tu, kwa sababu watu huchapa ukurasa mmoja. Mabadiliko mapya yawekewe alama pembeni ili aliyesoma toleo la kwanza asirudie yote.

#12 Bao_la_Kiswahili

Wakuu, mimi swali langu ni la tafsiri. SRD ya D&D ipo kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili haipo. Je, kikundi kinaweza kuitafsiri na kuigawa bure bila kuomba ruhusa? Na kama ndiyo, kwa nini tunaendelea kusubiri wachapishaji wa nje watutengenezee nyongeza?

#13 Mpanga_Kurasa

Ndiyo, inawezekana, na hili ndilo jambo kubwa lililotokana na sakata la leseni la Januari 2023. Rasimu mpya ya OGL (leseni iliyokuwa ikiruhusu wengine kujenga juu ya kanuni za D&D) ilivuja mwanzoni mwa mwezi huo, jamii ya wachezaji ikaikataa, na Januari 27 Wizards wakaiweka SRD 5.1 nzima chini ya leseni ya Creative Commons, CC BY 4.0. Leseni hiyo haifutiki kwa kazi iliyokwisha kutolewa. SRD 5.2 nayo iko chini ya leseni hiyohiyo.

CC BY inaruhusu kutafsiri, kubadilisha, kugawa na hata kuuza. Masharti ni machache: nakili tamko la kutambua chanzo kama lilivyoandikwa mwanzoni mwa SRD, pamoja na kiungo cha leseni, sema kwamba umebadilisha, kwa maana tafsiri ni mabadiliko, usijifanye umeidhinishwa nao. Unaweza kuandika kwamba kazi yako inaendana na toleo la tano. Usitumie nembo wala jina la Dungeons & Dragons kwenye jalada, kwa sababu alama za biashara hazimo ndani ya leseni.

Chanzo kiwe SRD yenyewe. Ukitafsiri kutoka Player's Handbook, hata aya moja isiyomo kwenye SRD, umetoka nje ya leseni. Kwa hiyo fanya kazi ukiwa umefungua PDF ya SRD peke yake, na kitabu kiwe kimefungwa.

ORC, leseni ya upande wa Paizo iliyokamilika Juni 2023, ni tofauti kidogo: kanuni unazojenga juu yake nazo zinabaki wazi kwa wengine. CC BY haikulazimishi hivyo. Mkitaka tafsiri ya Kiswahili isije ikafungwa na mtu mwingine, mnaweza kutoa tafsiri yenu chini ya CC BY-SA (inayomtaka anayeibadilisha atoe kazi yake kwa leseni hiyohiyo), mradi tamko la chanzo cha asili libaki.

#14 Mwendesha_Meza

Bao, mkianza, anzeni na orodha ya istilahi kabla ya sentensi ya kwanza. Sifa sita si ngumu: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara, Haiba. Ugumu uko kwenye maneno madogo ambayo kanuni zimeyapa uzito.

Mfano wa kwanza: kushambulia na kupata shabaha. Kwa Kiswahili cha kawaida tunasema "kupiga" kwa yote mawili. Kwenye kanuni ni hatua mbili. Unashambulia, unarusha dadu ya pande 20, na ukifikia Kiwango cha Ulinzi cha adui ndipo umempata. Ukiandika "ukimpiga adui, anaanguka chini" mchezaji atadai adui aanguke hata dadu ilipotoka 3. Chagueni: "kushambulia" kwa hatua ya kwanza, "kumpata" kwa ya pili, na neno "kupiga" lisitumike kabisa kwenye maandishi ya kanuni.

Wa pili: zamu na raundi. Raundi ni mzunguko wa wote, zamu ni ya mmoja. Shambulio la Kuvizia la mwizi linaruhusiwa mara moja kwa kila *zamu*, si kila raundi. Maana yake mwizi anaweza kulitumia kwenye zamu yake, kisha tena kwenye zamu ya adui anayemkimbia, kwa shambulio la nafasi. Mtafsiri akiandika "raundi" hapo, amempunguzia mwizi nguvu bila kujua, na hakuna mtu atakayegundua kwa sababu sentensi inasomeka vizuri.

Vipimo: futi 5 andikeni mita 1.5, kama walivyofanya kwenye baadhi ya lugha za Ulaya, mraba mmoja. Futi 30 ni mita 9, miraba 6. Msitumie kigeuzi halisi cha 1.524, mtapata desimali zisizogawanyika kwa miraba.

#15 Zimwi_la_Amboni

Kurasa za SRD zinapita 350. Kikundi cha kujitolea kitafia njiani kikianza ukurasa wa kwanza. Nashauri kipande cha kwanza kiwe kile meza inachohitaji kucheza kikao kimoja: kutengeneza mhusika, fani nne, levo 1 hadi 3, mapigano, aina 20 za uchawi, mazimwi 15. Hiyo ni kurasa 40 hivi. Toeni, zichezwe, masahihisho yakusanywe, ndipo muendelee. Na jueni kwamba mkitoa, watu watawadai kipande cha pili kwa sauti ileile tunayowadai nayo Wizards.

#16 Bao_la_Kiswahili

Ahsanteni sana wakuu. Swali la mwisho: lile tamko la chanzo tuliache kwa Kiingereza au tulitafsiri? Na likae wapi ikiwa tunatoa kurasa moja moja kwa WhatsApp?

#17 Mpanga_Kurasa

Liacheni kwa maneno yake ya asili, kisha wekeni tafsiri ya Kiswahili chini yake ili msomaji aelewe. Kwenye PDF nzima likae ukurasa wa pili. Kwa kurasa moja moja, wekeni mstari mfupi chini ya kila ukurasa: jina na namba ya SRD, jina la mchapishaji wake, CC BY 4.0, neno "imetafsiriwa na kubadilishwa", namba ya toleo lenu na tarehe, na kiungo kinachompeleka mtu kwenye tamko kamili. Herufi za pointi 7 zinatosha, ila pimeni kwanza kwenye simu ndogo. WhatsApp inabana picha na herufi ndogo zinafifia, kwa hiyo tumeni ukurasa kama faili la PDF, si kama picha.